Jeshi Humpa Nyumba, Halimpi Jirani: Hotuba Kuhusu Maofisa Wageni wa Fort Leavenworth

(Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Kansas City na vitongoji vyake. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, viongozi wa dini, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliotoka kazini alfajiri mkaja moja kwa moja ukumbini bila kulala: habari za asubuhi, na shikamooni nyote mnaostahili.

Nimeombwa nizungumzie maofisa wa kijeshi kutoka nchi za nje wanaosoma Fort Leavenworth, na jinsi jumuiya yetu inavyoweza kuwasaidia. Kutoka hapa tulipo hadi kwenye lango la ngome ile ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Ilianzishwa mwaka 1827 juu ya kingo za mto Missouri, na ndani yake kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Wale mliotoka Tanzania jina hilo si geni kwenu, kwa sababu chuo cha aina hiyo tunacho Duluti, Arusha. Ni mahali ambapo meja aliyezoea kuongoza kombania yake hufundishwa kupanga vita vya divisheni nzima, kuandika, kubishana kwa hoja, na kufanya kazi na maofisa wa mataifa ambayo pengine jana yalikuwa maadui. Ofisa wa kwanza wa kigeni kusoma Leavenworth alikuwa Mswisi, mwaka 1894. Tangu wakati huo wamepita wageni zaidi ya 8,000, na kila mwaka huja wengine zaidi ya mia moja, ambao hukaa karibu miezi kumi, tangu Agosti hadi Juni, wengi wao wakiwa na wake zao, waume zao na watoto.

Sasa nawauliza: ni wangapi humu ukumbini tumewahi kula nao meza moja? Tunakwenda Leavenworth kununua magari ya mnada, tunakwenda kwenye mazishi na harusi, tunapita mbele ya lango lile na kurudi. Ni wangapi tumewahi kujiuliza kama nyuma ya lango lile yupo mama kutoka Mbeya, au Eldoret, au Mbarara, ambaye hajasikia mtu mzima akizungumza Kiswahili tangu aliposhuka kwenye ndege?

Niseme mapema kile ninachokiamini, ili hata atakayesinzia baadaye awe amekisikia. Jeshi la Marekani linampokea mgeni wake vizuri sana. Linampa ratiba, linampa vitabu, linampa kitambulisho, linampa ofisi maalumu ya kushughulikia mambo yake, na linamwonyesha nyumba ya kupanga. Kitu kimoja tu haliwezi kumpa, nacho ni jirani. Jirani hatolewi kwa amri. Wakubwa wa chuo wanalijua hilo, na ndiyo maana kwa miaka mingi umekuwepo utaratibu wa kumpangia kila ofisa mgeni familia za kiraia za kumpokea, za Leavenworth na Lansing na za huku kwetu Kansas City, mbali na mwenzake Mmarekani wa darasani. Familia hizo hazilipwi chochote. Mimi na mume wangu tumekuwa wenyeji wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, na ninayoyasema leo nimeyaona kwa macho yangu, isipokuwa pale nitakapotaja historia.

Ndugu zangu, jambo la kwanza ninalotaka mlishike ni hili: ukimpokea ofisa, mzigo wako mkubwa hauko kwa ofisa. Uko kwa aliyemwacha nyumbani asubuhi.

Ofisa ana darasa. Ana wenzake, ana mwalimu, ana mtihani, ana kurasa za kusoma usiku ambazo haziishi. Amechaguliwa kati ya wengi kwao, amepimwa Kiingereza kabla ya kuondoka, na wengine wamepitishwa kwanza kwenye shule ya lugha ya jeshi kule San Antonio, Texas. Je, mke wake amepimwa na nani? Mke wake alikuwa mwalimu, au karani wa benki, au muuguzi, mwenye mshahara wake, gari lake, mama mkwe wa kumbeba mtoto na dada wa kazi wa kuosha vyombo. Hapa anafika na viza inayomfuata mumewe, ambayo kwa kawaida haimruhusu kuajiriwa mpaka apate kibali ambacho si kila nchi imekiafikiana na Marekani. Hana mama mkwe. Hana dada wa kazi. Ana ghorofa ya kupanga, televisheni, na theluji inayokuja Desemba bila kupiga hodi.

Mwaka mmoja tulipokea familia ya meja kutoka kusini mwa Afrika. Mke alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, mama mchangamfu sana siku ya kwanza. Kufikia Novemba tukipiga simu alikuwa anaitikia kwa neno moja moja. Mumewe aliniambia, kwa adabu ya kijeshi, kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Nilikwenda siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati mume yuko darasani, nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, koti amelivaa humo humo ndani, mapazia yamefungwa. Kumbe mashine ya kupasha joto nyumba ilikuwa imezimwa, kwa sababu waliogopa bili ya gesi, na hakuna aliyewaeleza kwamba nyumba ikiachwa baridi hivyo mabomba ya maji yanaweza kuganda na kupasuka, na hapo ndipo bili inapokuwa bili kweli. Hilo lilitatuliwa kwa robo saa na kidole kimoja ukutani. Lakini mapazia hayakuwa ya baridi. Mapazia yalikuwa ya mtu ambaye tangu Agosti hakuna aliyemhitaji kwa lolote.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia methali hii kumsema mgeni mvivu. Mimi nimeiona ikimponya mgeni. Tulimwomba yule mama awafundishe hisabati watoto wetu wa darasa la nane na la tisa, Jumamosi asubuhi, katika chumba cha nyuma cha kanisa. Hakulipwa, kwa hiyo hakuvunja sheria yoyote. Wiki ya pili alikuja na chaki zake mwenyewe, akisema kalamu za ubao mweupe hazina heshima. Kufikia Machi alikuwa anawagombeza wazazi waliochelewa kuwaleta watoto, na mimi nikiwemo. Huyo ndiye mwalimu niliyekuwa nimeambiwa habari zake! Kama tungeendelea kumpelekea sufuria za wali na kumwuliza hali, tungemzika kwa ukarimu.

Kwa hiyo nawaomba: mnapomkaribisha mgeni wa Leavenworth, msimfanye mtu wa kupokea tu. Mwombeni kitu. Mwombeni apike cha kwao kwenye mkutano wetu. Mwombeni ofisa mwenyewe awasaidie vijana kubeba meza. Kanali anayebeba meza hucheka kuliko kanali aliyekalishwa kiti cha mbele na kupigiwa makofi.

Kuna mambo madogo ambayo kwenu ninyi ni madogo kwa sababu mmeshayasahau. Familia lazima iwe na bima ya afya, na karatasi za bima hizo humchanganya hata aliyezaliwa hapa. Keti nao, soma nao, waonyeshe tofauti ya kwenda kliniki ya kawaida na kwenda chumba cha dharura. Shule itataka kadi za chanjo za watoto. Leseni ya udereva ni mtihani mwingine: Mtanzania, Mkenya na Mganda wamezoea kushoto, na hatari yao kubwa haiko barabara kuu, iko asubuhi ya Jumapili kwenye njia tupu isiyo na gari la kumkumbusha mtu upande. Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo hawana shida hiyo, wao barabarani kwao ni kulia kama hapa. Mwislamu atataka kujua nyama ya halali inapatikana wapi, na jibu sahihi ni kumchukua kwenye gari lako na kumpeleka, kwa sababu anwani kwenye simu haimwambii muuza nyama ni mtu wa kuaminika.

Halafu kuna king'ora. Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo tukio ambalo siwezi kulisahau. Sisi sote hapa tumezoea ving'ora vya kimbunga vinavyojaribiwa hewa ikiwa safi, na tunaendelea kunywa chai. Nilikuwa nyumbani kwa familia moja iliyotoka nchi yenye vita. Mama alikuwa anakata vitunguu, watoto wawili sakafuni na magari yao ya kuchezea. King'ora kikalia. Kabla sijafungua mdomo, watoto wale walikuwa wameshaingia chini ya meza, mkubwa amemlalia mdogo, mikono juu ya kichwa. Hawakulia, hawakuita mama. Walikuwa wamefundishwa, na walikuwa wanajua vizuri kuliko sisi sote. Mama alisimama na kisu mkononi akinitazama mimi, anasubiri nimwambie ndege ziko upande gani. Baba yao alikuwa darasani akijifunza nadharia ya ulinzi wa anga.

Ndugu zangu, je, ni karatasi gani ya maelekezo ingewaambia hivyo mapema? Ilikuwa kwenye karatasi. Niliiona baadaye, ukurasa wa katikati, kwa herufi nzuri. Lakini karatasi haikai jikoni na wewe. Tangu siku hiyo, familia yoyote tunayoipokea tunaisimulia habari za ving'ora siku ya kwanza kabisa, kabla ya duka na kabla ya benki, na tunapiga sauti yenyewe kwenye simu ili watoto waisikie wakiwa mapajani.

Jambo la pili nitalipita kwa haraka kidogo, ingawa wazee wangependa nilirefushe. Wapo wanaosema kwamba kazi hii ni ya Wamarekani, sisi inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu sisi tumekaa pande zote mbili za mlango huu.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro. Kila mtoto wa shule Tanzania anaijua picha ile. Wachache wanakumbuka kwamba kijana yule alikuwa ametoka kusomea uofisa Sandhurst, Uingereza, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Tanganyika kupita pale. Mrisho Sarakikya naye alipita Sandhurst. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walipoasi, Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile, na Septemba mwaka huo huo Jeshi la Wananchi lilipoundwa upya, aliyekabidhiwa ukuu wake alikuwa Sarakikya, kijana bado. Nchi nzima ilimtegemea mtu aliyefundishwa ugenini. Kule kwenye mvua ya Uingereza alikuwa mwanafunzi tu mwenye ngozi nyeusi kati ya wachache wa aina yake, na chakula cha Jumapili au alikaribishwa mahali, au hakukaribishwa.

Na leo sisi ndio wenyeji. Monduli, kwenye chuo cha maofisa cha Tanzania, wamepata kamisheni vijana kutoka nchi rafiki. Duluti, Karen kule Nairobi, Kimaka kule Jinja, Nyakinama kule Musanze, vyuo vyote hivyo vinapokea maofisa wa nje. Mama anayeuza ndizi karibu na kambi, anayemfundisha mwanafunzi mgeni kusema "naomba chenji yangu", anafanya kazi hii hii bila kupewa cheti. Hatujifunzi ukarimu kutoka kwa Mmarekani. Tunachojifunza kwake ni kuuandikia ratiba.

Sasa niingie kwenye jambo la tatu, na hili ni zito. Ofisa anaweza kuondoka nyumbani, lakini vita vya nyumbani vinajua anwani yake.

Mwaka 1990, miongoni mwa wanafunzi wa Leavenworth alikuwepo meja mmoja aliyetumwa na jeshi la Uganda, jina lake Paul Kagame. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo wapiganaji wa RPF, kundi la wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuwa Uganda, walivuka mpaka kuingia Rwanda, na siku ya pili kamanda wao, Fred Rwigyema, akauawa. Meja yule aliacha masomo Kansas akarudi kuchukua uongozi wa vita. Yaliyofuata, kila mmoja wetu wa Maziwa Makuu anayajua kwa namna yake, na wengine mmeyabeba mwilini. Sikuja kuyapima hapa. Ninachotaka mkione ni kile kiti kilichobaki kitupu darasani. Wenzake walikuwa na mazoezi ya ramani asubuhi ile kama kawaida.

Agosti 2021 ikawa kinyume chake. Kabul ilipoanguka, maofisa wa Afghanistan waliokuwa masomoni katika vyuo mbalimbali vya Marekani walijikuta wamevaa sare ya jeshi ambalo halipo tena. Hakuna wa kuwaita nyumbani, hakuna wa kuwalipa, na ndugu zao wamejificha. Mwalimu atamwambia nini mwanafunzi wa namna hiyo? Kwamba apeleke insha yake Ijumaa?

Nasema haya kwa sababu humu ukumbini tumo Wakongo, tumo Wanyarwanda, tumo Warundi, tumo watu wa Sudan Kusini, na mwakani katika darasa la Leavenworth anaweza kuwepo ofisa wa jeshi ambalo wewe unaliona ndilo lililokufukuza kijijini kwenu. Tumeshayaona. Katika chakula kimoja, mtu mzima na mwenye akili alimgeukia mgeni, mbele ya watoto, akamwuliza jeshi lake linafanya nini katika mji fulani. Uma wa yule ofisa ulisimama hewani. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mhandisi wa madaraja. Mkewe alianza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Je, namwambia Mkongo asiwe na uchungu? Siwezi, wala sina haki hiyo. Namwambia mambo mawili. Ikiwa huwezi kukaa na mgeni huyo kwa amani, usijiandikishe kumpokea yeye; mwambie mratibu, atakupangia familia nyingine, na hakuna atakayekuuliza sababu. Na ikiwa umejiandikisha, basi meza yako isigeuzwe mahakama. Wapo watu ambao kazi yao ni kumhoji ofisa, wapo waandishi wa habari, ipo mikutano ya hadhara. Wali wa Jumapili si mahali pake. Ninaongeza kwamba mgeni akianzisha mwenyewe, msikilize. Mara mbili tatu nimeona wenyewe wakianza, usiku, watoto wakishalala, na walichosema hakikuwa kile ambacho mtu angekipata kwa kuwabana.

Wakati vita vinapowaka kwao, msaada wako ni wa mwili. Nenda ukakae. Chukua watoto kutoka shule siku hiyo. Nunua maziwa. Usiulize "mko salama?" mara kumi kwa ujumbe wa simu.

Ndugu Mwenyekiti, kuna swali ambalo najua limeshafika kwenye midomo ya vijana, na ningekuwa mdanganyifu nikiliruka. Wanasema: mama, mbona hao unaowapikia ndio baadaye wanaopindua serikali?

Ni swali la haki. Zia-ul-Haq wa Pakistan alisoma Leavenworth miaka ya 60, akapindua serikali ya nchi yake mwaka 1977. Amadou Sanogo, kapteni aliyeongoza mapinduzi ya Mali mwaka 2012, alikuwa amehudhuria mafunzo zaidi ya moja katika kambi za Marekani. Lakini Susilo Bambang Yudhoyono wa Indonesia naye alimaliza Leavenworth mwaka 1991, na mwaka 2004 aliingia ikulu kwa kura, katika uchaguzi wa kwanza wa nchi yake ambao wananchi walimchagua rais moja kwa moja. Chuo ni kile kile, mto ni ule ule, na bila shaka mabata mzinga ya sikukuu ya shukrani waliyolishwa yalikuwa makavu vile vile.

Wapo wanaoitetea kazi yetu kwa kusema kwamba mgeni akila nyumbani kwako atajifunza demokrasia. Mimi sithubutu kudai hivyo. Serikali ya Marekani ina programu yake rasmi ya kuwatembeza wanafunzi hawa mahakamani, mabungeni, kwenye magazeti na mashambani, ili waone nchi inavyoendeshwa, na ni programu nzuri. Lakini sahani yangu ya pilau haijawahi kumzuia mtu kupindua serikali, wala sitajisifu kwamba imewahi. Ninampokea kwa sababu yuko mbali na kwao na ana watoto. Akiwa jenerali mwema, nitafurahi. Akiwa jenerali mbaya, watoto wake hawakustahili kukaa gizani majira yote ya baridi.

Upande wa pili wa swali hilo ni usalama wetu. Tarehe 6 Desemba 2019, katika kituo cha jeshi la wanamaji cha Pensacola, Florida, mwanafunzi wa kijeshi kutoka Saudi Arabia aliwapiga risasi na kuwaua mabaharia watatu wa Kimarekani. Baada ya hapo taratibu zilikazwa: uchunguzi wa wanafunzi kabla ya kuja, masharti ya silaha, na vibali vya kuingia kambini. Mtakutana na ukaguzi huo. Utaombwa kitambulisho langoni, utasubiri, pengine utarudishwa siku ambayo umepika biriani la watu ishirini. Usigombane na askari wa getini, na usimwambie mgeni wako kwamba anabaguliwa. Yeye ni askari, anajua lango ni nini.

Kutokana na hayo, ipo mipaka, na naomba niiseme bila kupamba. Usimwulize mgeni anachosoma darasani zaidi ya anachokueleza mwenyewe. Usipige picha yake akiwa na sare ukaitundika mtandaoni na jina la mtaa anaoishi. Kwako ni picha ya sherehe, kwa maadui zake ni ramani. Usimkopeshe fedha wala usimkope. Na ninyi wafanyabiashara wetu wapendwa, miezi kumi hii si nafasi ya kumkabidhi ofisa wa forodha wa kesho mzigo wa kontena.

Halafu lipo la kuzamia. Mnajua ninazungumzia nini, hatuna haja ya kutazamana. Mwaka 2017 taasisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilieleza kwamba tangu mwaka 2005 wanafunzi wa kijeshi wa kigeni wapatao 320 walikuwa wametoroka mafunzoni nchini humu, karibu nusu yao Waafghani. Kuna mwaka ofisa kijana alinivuta pembeni jikoni akaniuliza, kwa Kiswahili safi, kama jumuiya inaweza "kumsaidia abaki". Nilimjibu kwamba kama anaogopa kurudi kwa sababu maisha yake yako hatarini, hilo ni jambo la mwanasheria wa uhamiaji, na nitampeleka mwenyewe mchana kweupe, lango la mbele. Lakini kama anataka kupotea tu, kuacha kitambulisho mezani na kuhamia jimbo jingine kuosha magari, mimi simo. Ofisa akitoroka, nchi yake inaweza kupoteza nafasi mwakani, na ofisa mwenzake aliyekuwa kwenye foleni kule nyumbani anabaki kusoma orodha yenye jina lililofutwa. Na sisi wenyeji tunaanza kutazamwa kama njia ya kutorokea. Kijana yule alirudi kwao Juni. Hunitumia salamu za Idi.

Sasa mniruhusu niseme kuhusu kitu cha kuwaonyesha wageni hawa, kwa sababu kila mwaka tunawapeleka kwenye maduka makubwa kana kwamba Kansas nzima ni maegesho ya magari.

Ndani ya Fort Leavenworth kwenyewe kuna sanamu ya askari mweusi juu ya farasi, iliyozinduliwa mwaka 1992 na Jenerali Colin Powell, ambaye naye alisoma pale. Ni ukumbusho wa vikosi vya askari weusi wa farasi. Kimoja kati ya hivyo, Rejimenti ya 10, kiliundwa pale pale mwaka 1866, mwaka mmoja tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa wa nchi hii. Nilisimama hapo na luteni kanali kutoka kwetu na binti yake wa miaka saba. Binti aliuliza, "Baba, huyu alikuwa mkubwa wako?" Baba alikaa kimya, kisha akavua kofia yake akamvalisha mtoto. Baadaye, tukirudi kwenye gari, aliniuliza mimi maswali ambayo hakuwa amemwuliza mwalimu wake: walilipwa sawa? Walipigana na nani? Nikamwambia walipigana na Wahindi Wekundu kwa ajili ya nchi ambayo haikuwaruhusu kukaa kwenye behewa moja na wazungu. Ndiyo, alisema, naielewa hiyo.

Na ukiwa na Jumamosi nzima, endesha gari hadi Topeka, mwendo wa saa moja hivi, uwaonyeshe Shule ya Monroe. Ni jengo la matofali la kawaida kabisa, lililokuwa la watoto weusi peke yao, na kesi iliyohusu watoto wa mji ule ndiyo iliyofanya Mahakama ya Juu ya Marekani, tarehe 17 Mei 1954, itamke kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Wapeleke na watoto wao ambao Jumatatu watarudi kukaa katika darasa moja na watoto wa kila rangi. Usiwahutubie. Waache wasome maandishi ukutani kwa mwendo wao, uwanunulie aiskrimu, mrudi.

Nakaribia mwisho, Ndugu Mwenyekiti, naona saa unavyoitazama.

Kuna karatasi mezani, pale kwa mama wa chai. Mwaka huu tunahitaji hasa familia zenye watoto wa shule ya msingi, kwa sababu hao ndio wageni wanaopata taabu zaidi kupangiwa wenyeji, na tunahitaji watu wenye gari la viti saba kwa ajili ya siku za kwanza za mapokezi. Anayeishi upande wa Lansing aandike hivyo, maana jirani wa dakika kumi anafaa kuliko rafiki wa dakika hamsini. Andika ni siku gani ya kazi unakuwa nyumbani asubuhi. Nimeshawaeleza kwa nini nataka ya asubuhi. Andika kama una mbwa, kwa kuwa wageni wetu wengi hawajazoea mbwa kulala sebuleni. Na kama kuna nchi ambayo kwa sasa huwezi kuipokea mezani kwako, iandike nyuma ya karatasi. Nitaisoma mimi peke yangu.

Makoti ya baridi ya watoto yapokelewe kuanzia leo, yaliyofuliwa, zipu zikiwa zinafunga. Asanteni sana kwa kunisikiliza.